Kosa Lililo Ndani ya Faili: Walimu wa Michoro ya Ufundi na Uchoraji wa Kompyuta

Chukua karatasi ya A3 yenye plani ya nyumba ya vyumba vitatu, kazi ya mwanafunzi wa mwaka wa pili wa uchoraji wa majengo. Imetoka safi kwenye printa: kuta nene, madirisha yamekaa mahali pake, vipimo vimepangwa nje ya jengo, jina la chuo liko chini kulia. Mwalimu anahesabu milango, anaangalia alama ya kaskazini, anatoa alama 78. Sasa omba faili lenyewe ulifungue. Kuta, samani, vipimo na maandishi vyote vimerundikwa kwenye leya moja. Ukisogea karibu na kona ya jiko, mistari miwili ya ukuta haikutani. Kuna upenyo wa milimita 2, na kwa skeli ya 1:100 hakuna printa itakayouonyesha. Vyumba vitatu vilivyopangwa mstari mmoja vina upana wa 3,000, 3,600 na 3,000, na kuta nne zina milimita 150 kila mmoja, kwa hiyo jumla ni 10,200. Karatasi inasema 10,000. Kompyuta ilipima sawasawa, lakini mwanafunzi hakuipenda namba ile, akaifuta na kuandika aliyoitaka.

Fundi atakayepiga kamba za msingi kwa 10,000 hatajua kitu. Milimita 200 zitatoka kwenye chumba kimoja au zitagawanywa kwa vyote vitatu, na atakayezigundua ni mwenye nyumba, siku kabati linapokataa kuingia.

Mjadala wa ustadi wa walimu wa ufundi katika kuchora kwa kompyuta huzunguka swali moja: je, mwalimu anaweza kuitumia programu? Nashikilia kwamba swali hilo ni dogo mno. La kuuliza ni kama mwalimu anaweza kulifungua faili la mwanafunzi, kuona kosa liko wapi na limeingiaje, na kumrudisha kijana kwenye hatua aliyoteleza. Kuchora ni nusu ya kazi ya mwalimu. Nusu ya pili ni kusahihisha, na ndiyo iliyoachwa nyuma tangu meza za kuchorea zilipoanza kupisha kompyuta.

Kwenye ubao mwalimu alikuwa na njia ya kuona. Darasa la michoro la zamani, iwe Sekondari ya Ufundi Ifunda au Moshi, au Chuo cha Ufundi Dar es Salaam kilichofunguliwa 1957 na ambacho leo ni Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam (DIT), lilikuwa na meza zilizoinama, T-skwea, setskwea mbili, bikari, penseli ya 2H kwa mistari ya awali na HB kwa kukaza. Mwalimu alipita nyuma ya mabega ya wanafunzi, akaona mkono pamoja na mchoro: nani ameanza na mstari wa katikati, nani anapima kila kitu kutoka ukingo uleule, nani anaibana bikari mpaka karatasi inatoboka. Raba ilifuta mstari lakini haikufuta mfereji wa penseli, kwa hiyo hata kosa lililorekebishwa lilibaki kama ushahidi. Kiwango cha Uingereza cha BS 308, kilichotolewa mara ya kwanza 1927, kiliwalea walimu wengi wa ukanda huu kupitia vitabu walivyosomea. Mstari mnene ni wa umbo, mwembamba ni wa kipimo, wa vipande vipande ni wa kilichojificha. Mwaka 2000 kiwango hicho kilipisha BS 8888 kinachokwenda sambamba na viwango vya ISO, lakini nidhamu ilikuwa ileile.

Kwenye skrini njia haionekani. Kuna matokeo tu. Wanafunzi wawili wanaweza kuwa na plani zinazofanana kabisa, mmoja akiwa amejenga ukuta kwa kunakili mstari kwa umbali kamili wa milimita 150, mwingine akiwa amebahatisha kwa jicho na kipanya. Mwalimu anayepita nyuma yao haoni tofauti. Ili aione, lazima akae kwenye kiti, abofye mstari, asome urefu wake, aangalie uko leya gani, azime leya moja moja aone kinachobaki. Huo ni ujuzi wa peke yake, na mwalimu hawezi kuupata kwa kukaa mbele ya projekta akimtazama mkufunzi akibofya.

Teknolojia yenyewe ni ya zamani kuliko inavyodhaniwa. Ivan Sutherland alionyesha Sketchpad pale MIT mwaka 1963, na AutoCAD ilianza kuuzwa Desemba 1982. Hata hivyo ilichukua miaka mingi kufika kwenye madarasa ya ufundi ya Afrika Mashariki, na matokeo yake ni kwamba kuna kizazi kizima cha walimu, wale wenye cheti cha fundi sanifu cha FTC cha kabla vyuo vya Tanzania havijahamia mfumo wa sasa wa ngazi za NTA, waliofundwa ubaoni mwanzo hadi mwisho. Kompyuta waliikuta wakiwa tayari kazini. Walijifunza jioni, kwa kozi ya mtaani, kwa kijana wa ofisi ya jirani, au kwa video za YouTube zilizotengenezwa na mtu wa India au Marekani kwa wanafunzi wa huko. Wanastahili heshima kwa hilo. Wengi walijilipia.

Suala la ustadi wa walimu limechunguzwa sana Nigeria, ambako vyuo vya ufundi hufanya mitihani ya NABTEB, bodi iliyoundwa 1993. Tafiti za aina hiyo, za huko na za kwetu, mara nyingi huenda kwa dodoso: mwalimu anapewa orodha ya ujuzi na kujipimia mwenyewe, kwamba anaweza sana, anaweza kiasi, au hawezi. Zinasaidia kuonyesha kiu ya mafunzo. Lakini mtu anayejua amri kumi za programu na hajawahi kukutana na ya kumi na moja hujiona anaweza sana, na aliyefanya kazi miaka mitatu kwenye ofisi ya wabunifu majengo hujiona anaweza kiasi, kwa sababu ameona mapana ya anachokikosa. Dodoso linapima kujiamini. Ukitaka kupima ustadi, mpe mwalimu faili bovu na saa moja.

Ukifanya hivyo, utakuta makundi mawili. La kwanza ni la walimu wakongwe, ambao wakipewa karatasi hugundua kosa kabla hujamaliza kuikunjua: ngazi haina nafasi ya kichwa, mlango wa choo unagonga sinki, mkato hauoani na plani. Wakikaa kwenye kompyuta wanakuwa wazito na wanaogopa kuharibu. La pili ni vijana. Vidole vyao vinakimbia kwenye kibodi, wanajua kuzungusha nyumba ya pande tatu na kuipaka rangi na kuitilia miti na gari mlangoni. Ukiwauliza kwa nini paa lina mwinamo ule, au bomba la maji machafu linatoka wapi kwenda wapi, wanatafuta jibu. Vyuo vingi vinalitatua hili kwa kumpa kijana somo la kompyuta na mkongwe somo la ubao, kana kwamba ni masomo mawili. Naona hilo ndilo kosa kubwa la kimpangilio. Hao wawili wangeingia darasa moja, mmoja akisoma mchoro na mwingine akilisoma faili, wangefundishana ndani ya muhula mmoja kile ambacho semina haiwezi.

Kuna jambo moja linaloonyesha vizuri ugumu wa kazi yenyewe, nalo ni vipimo. Mtaani, nyumba inazungumzwa kwa futi. Mteja anataka chumba cha futi 10 kwa 12, tofali ni la inchi 5 au inchi 6, mbao ni mbili kwa nne, lakini nondo ni ya milimita 12 au 16. Mchoro unaopelekwa halmashauri kuombewa kibali uko kwa milimita. Futi 10 ni milimita 3,048 na futi 12 ni 3,658. Wachoraji wengi huandika 3,000 na 3,600 na kusonga mbele, na hakuna ubaya endapo wameamua hivyo wakijua. Sasa ingia kwenye AutoCAD. Mwanafunzi anapoanza faili jipya huulizwa kiolezo, naye huchagua cha kwanza anachokiona. Kimojawapo kimetengenezwa kwa inchi, kingine, chenye herufi za iso kwenye jina lake, kwa milimita. Akichagua cha inchi na kuandika 10200, mstari utachorwa vizuri na utaonekana sawa. Tatizo litajitokeza anapotaka mstari wa vipande kwa ajili ya boriti iliyo juu ya dari. Kistari kimoja kwenye kiolezo hicho kina urefu wa robo ya kipimo kimoja, na pengo lake ni nusu ya hapo. Kwenye jengo la vipimo 10,200 mapengo hayo hayaonekani kabisa, kwa hiyo mstari uliojificha unatokea umenyooka kama ukuta.

Mwanafunzi asiyeelekezwa hufanya nini? Anaukata mstari kwa mkono, kipande kwa kipande, mpaka ufanane na ule wa kitabuni. Inamchukua kipindi kizima. Printa inatoa kitu kizuri, mwalimu anatia tiki. Baadaye faili lile likichukuliwa na kubandikwa ndani ya faili la mhandisi lililoandaliwa kwa milimita, programu inasoma kwamba lilichorwa kwa inchi, na jengo linavimba mara 25.4. Mhandisi anapiga simu. Kijana hajui pa kuanzia, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwambia kwamba kosa lilifanyika sekunde ya kwanza, kabla hata hajachora mstari mmoja. Mwalimu mwenye ustadi ninaouzungumzia angeona ule mstari uliokatwakatwa, asingeuliza habari za mstari. Angeuliza, mwanangu, ulianza na kiolezo gani?

Majengo bado yana huruma kidogo, kwa sababu kati ya faili na tofali kuna fundi mwenye akili yake. Kwenye karakana za chuma na mbao huruma hiyo imeondoka. Dar es Salaam na Nairobi, nakshi za mageti sasa zinakatwa na mashine za plasma zinazosoma faili moja kwa moja, na milango na makabati yanachongwa na mashine za namna hiyohiyo. Mashine haikisii. Mchoro wenye mistari miwili iliyolaliana, jambo ambalo kwenye skrini na kwenye karatasi halionekani kamwe, unaikatisha bati lilelile mara mbili na kulichoma kingo. Umbo lisilofungwa kwenye kona halikatwi likaisha, au linakatwa kwa upande usiotakiwa. Bati zima linatupwa. Mwalimu wa uchomeleaji aliyekuwa akisema michoro ya kompyuta ni ya watu wa majengo hana tena nafasi ya kusema hivyo, na mwalimu wa michoro anayefundisha mafundi chuma anahitaji kuwa amesimama walau mara kadhaa kando ya mashine inayokata faili la wanafunzi wake.

Vifaa ni kikwazo cha kweli. Kompyuta moja kwa wanafunzi wengi, umeme unaokatika katikati ya kazi isiyohifadhiwa, mashine za kumbukumbu ndogo wakati matoleo ya sasa ya AutoCAD yanataka gigabaiti 8 kwa uchache. Haya yameshasemwa mara nyingi na yanajulikana. Leseni, kwa upande mwingine, hazizungumzwi kwa uwazi. Maabara nyingi zinaendeshwa kwa programu zilizokrakiwa, mara nyingi za matoleo ya zamani, na walimu wanaona hakuna njia nyingine. Njia zipo. Autodesk inatoa programu zake bure kwa wanafunzi na walimu wa taasisi zinazotambuliwa, kwa mwaka mmoja mmoja unaohuishwa, mradi kazi isiwe ya biashara. Kinachotakiwa ni mtu wa chuo kukaa na kukamilisha uthibitisho, barua ya chuo ikiwa tayari, na intaneti ya kuingilia akaunti. Kwa mashine dhaifu kuna LibreCAD, ambayo ni bure moja kwa moja na inatosha kwa plani na mikato. Kwa pande tatu kuna FreeCAD, iliyoanza 2002 na kufikia toleo la 1.0 Novemba 2024.

Najua pingamizi: waajiri wanataka AutoCAD na ArchiCAD, hawatafuti mtu wa LibreCAD. Ni kweli kwenye tangazo la kazi. Lakini leya, skeli, kukamata ncha ya mstari, kunakili kwa umbali, kuandaa karatasi ya kuchapisha, haya yako kwenye programu zote, na aliyeyaelewa kwenye moja huhamia nyingine ndani ya wiki chache. Asiyehamika ni yule aliyefundishwa mahali pa kubofya. Mwaka 2008 AutoCAD ilipobadilisha sura yake na kuleta utepe wa vitufe juu ya skrini, waliokuwa wamekariri picha za vitufe walipotea, ilhali waliozoea kuandika amri kwa kibodi waliendelea na kazi siku ileile. Mwalimu anayejua kwa nini anafanya jambo hana hofu na toleo jipya.

Turudi kwenye mafunzo ya walimu wenyewe. Tanzania ina chuo cha ualimu wa ufundi stadi Morogoro chini ya VETA, mamlaka iliyoanzishwa kwa sheria ya 1994. Kenya ina chuo chake cha walimu wa ufundi, KTTC, pale Gigiri, Nairobi. Vyuo hivi vinafanya kazi kubwa ya kumgeuza fundi kuwa mwalimu, na kumfundisha fundi mbinu za darasani ni jambo gumu kuliko linavyoonekana. Kwa walio kazini, njia ya kawaida ni semina ya siku chache. Washiriki wanafuata mfano wa mkufunzi, kila mmoja anatoka na kijumba kilekile cha chumba na sebule, wanapewa vyeti. Wiki inayofuata wako darasani na vijana 30 ambao kila mmoja amekosea kwa namna yake.

Semina ingeweza kuwekwa kinyume. Washiriki waje na mafaili halisi ya wanafunzi wao, yakiwa na majina yamefutwa, na siku zote zitumike kuyafungua na kuyasahihisha. Nani anaona kipimo kilichoandikwa kwa mkono? Nani anaweza kugundua kwa nini ukuta huu unakataa kujazwa mistari ya mkato, kabla ya kumaliza kusogeza skrini kona moja moja? Mwalimu akishatatua mafaili 20 mabovu, amri za programu atakuwa amezijua njiani, na atakuwa amezijua kwa sababu alizihitaji. Mashindano ya kimataifa ya ufundi ya WorldSkills, kwenye fani ya uchoraji wa kihandisi kwa kompyuta, humpa mshiriki kifaa halisi cha kupima na kuchora upya. Ujerumani, Agosti 2011, iliifuta kazi ya mchoraji wa kiufundi iliyokuwa imezoeleka na kuweka mahali pake fani mbili, ya usanifu wa bidhaa na ya upangaji wa mifumo, kwa sababu waliona kuchora peke yake kumekwisha kuwa sehemu ya kazi kubwa zaidi. Hatuhitaji kufuata majina yao. Tunahitaji kuona kwamba walibadilisha kazi yenyewe na mitihani yake, hawakuongeza kompyuta juu ya mtaala wa ubao.

Kuna jambo nyeti ambalo wakuu wa vyuo hulizungumza kwa sauti ya chini. Walimu wenye ustadi mkubwa wa kompyuta wana kazi za nje. Wanachora ramani za nyumba za watu, wanasaidia ofisi za makandarasi, na wakati mwingine kazi hiyo inalipa kuliko mshahara. Wapo wanaotaka ikatazwe. Mimi sioni hivyo. Mwalimu ambaye mwezi uliopita alirudishiwa mchoro na mkadiriaji majengo kwa sababu vipimo havikujumlishika ana la kuwaambia wanafunzi wake. Kinachotakiwa ni utaratibu: kazi ya nje iwe chini ya wataalamu waliosajiliwa kama sheria inavyotaka, isile vipindi, na pale mteja anaporidhia, mafaili yake yaingie darasani kama mifano. Chuo kinachomkataza mwalimu kuchora nje huku hakimpi kompyuta ya kuchorea ndani kinampoteza.

Lakini hakuna kitakachobadilika haraka kama mtihani utabaki wa karatasi. Mwalimu hufundisha kinachopimwa, na hilo si kosa lake. Kenya, chini ya sheria ya mafunzo ya ufundi ya 2013 na mitaala ya umahiri inayosimamiwa na baraza la TVET CDACC, tayari inamtaka mwanafunzi akusanye jalada la ushahidi wa kazi zake. Ni hatua fupi kutoka hapo kudai kwamba jalada hilo liwe na faili lenyewe pamoja na chapa yake, na kwamba msahihishaji alifungue. Orodha ya kukagua inaenea nusu ukurasa: vipimo vyote vimepimwa na programu na hakuna kilichoandikwa juu yake, kona zimefungwa, leya zina majina na kazi, hakuna mistari iliyolaliana, kiolezo ni cha milimita, karatasi ina skeli moja inayosomeka. Mwalimu mwenye uzoefu angeikagua kazi ya mwanafunzi mmoja kwa dakika 10.

Kwa Tanzania muda umeshaanza kuhesabika. Mkondo wa amali, yaani wa mafunzo ya ufundi sekondari, ulianza kidato cha kwanza Januari 2024, na wanafunzi hao wa kwanza watamaliza kidato cha nne mwaka 2027. Baadhi yao wanasoma fani za ujenzi, umeme na mitambo, ambazo zote zinapita kwenye mchoro, na walimu wao wengi wametoka kwenye makundi yale mawili niliyoyataja. Orodha ya kukagua faili ikipelekwa mashuleni mapema, pamoja na mafaili mabovu ya mazoezi kwa walimu, kundi hilo linaweza kuwa la kwanza kusahihishwa kwa kazi iliyo ndani ya kompyuta. Ikisubiriwa mpaka ratiba ya mtihani itoke, watapewa karatasi za A3 na penseli, na walimu wao watarudi kutoa alama kwa kuangalia mstari umekolea kiasi gani.